Shida moja, maneno mengi: jinsi ya kutumia ‘trouble’ na visawe vyake

Kwa Kiswahili neno shida halichagui mzigo. Gari limezima njiani, una shida. Umemjibu bosi vibaya, una shida. Hesabu haziingii kichwani, una shida nazo. Umesimama dirishani ofisini, karani anakuuliza una shida gani, na wala hajamaanisha kwamba kuna baya lililokupata. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno zaidi ya kumi, kila moja na sarufi yake. Ndiyo maana mtu anayejua vizuri maana ya ‘trouble’, ‘problem’ na ‘difficulty’ bado huandika sentensi tatu akakosea zote tatu. Maana anazo, kinachompiga chenga ni mwenendo wa kila neno ndani ya sentensi.

Maji yaliyotibuka

‘Trouble’ liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, yapata mwaka 1200, na mzizi wake wa Kilatini unahusu kitu kilichovurugwa, kama maji yaliyokorogwa mpaka tope likapanda juu. Kiswahili kina neno la hali hiyohiyo: kutibua. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, sura ya 5 ya Yohana, mgonjwa aliye kando ya birika anasema hana mtu wa kumtia majini ‘when the water is troubled’. Katika Biblia ya Kiswahili mgonjwa huyohuyo hana mtu wa kumtia birikani maji yanapotibuliwa. Shika picha hiyo, itakufaa kuliko orodha ya tafsiri: ‘trouble’ ni maji yaliyotibuka, na wewe umo ndani.

‘Problem’ ni jambo jingine. Limetoka Kigiriki, likiwa na maana ya kitu kilichotupwa mbele yako. Kiko nje ya mwili wako, unaweza kukizunguka, kukihesabu na kukitatua. ‘Difficulty’ ni Kilatini cha ‘si rahisi’, basi. Linaeleza jinsi kazi inavyokataa kutendeka.

Mwezi Aprili 1970, chombo cha Apollo 13 kikiwa njiani kwenda mwezini, tangi la oksijeni lililipuka na mwanaanga Jack Swigert akaita kituo cha duniani, kilichoko Houston: ‘Houston, we've had a problem here.’ Wengi hunukuu ‘we have a problem’, lakini yeye aliripoti kwamba kuna kitu kimetokea, kikaguliwe. Angesema ‘we're in trouble’, habari ingekuwa juu ya wanaanga wote watatu waliokuwamo na hatari iliyowazunguka. Tofauti ya maneno haya mawili yote imo humo.

Anza kwa kuhesabu

Kabla ya kuandika neno lolote kati ya hayo, jiulize kama unataka kulihesabu. ‘Trouble’ kwa kawaida halihesabiki, hivyo halitaki ‘a’ mbele yake. ‘I have a trouble’ ni kosa. Sema ‘I'm having some trouble’, ‘a bit of trouble’, ‘a lot of trouble’. Kama una mambo mawili unayotaka kuyataja moja moja, hama kabisa uende kwenye ‘problem’: ‘I have two problems.’ Kinyume chake nacho ni kosa: ‘problem’ likiwa peke yake lazima livae ‘a’, ‘the’ au ‘my’, kwa hiyo ‘I have problem’ ni sentensi iliyotoka nje bila viatu.

‘Troubles’ ya wingi ipo, ila ina kazi yake maalumu: masaibu ya mtu, mambo yanayomlemea. ‘Money troubles’ ni kukwama kifedha. ‘She told me all her troubles’ ni kwamba alinimwagia yaliyomjaa moyoni. Likiandikwa kwa herufi kubwa na ‘the’ mbele, ‘the Troubles’, kwa kawaida ni jina la mgogoro wa Ireland ya Kaskazini uliodumu tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998, na kuua zaidi ya watu 3,500. Ukikutana nalo gazetini, usilitafsiri kuwa ‘zile shida’.

‘Difficulty’ linakwenda njia zote mbili. Unapoeleza namna tendo lilivyofanyika, halihesabiki: ‘he walked with difficulty’, alitembea kwa tabu. Unapotaja vikwazo, huwa la wingi: ‘financial difficulties’, ‘technical difficulties’.

Kinachofuata baada yake

Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa, kwa sababu Kiswahili hutumia umbo moja tu: napata shida kusoma, kuandika, kulala. Ule mwanzo wa ku- unatushawishi kuweka ‘to’, tukaandika ‘I have trouble to sleep’. Baada ya ‘have trouble’, ‘have difficulty’ na ‘have problems’, kitenzi huishia na ‘-ing’:

‘I have trouble sleeping.’
‘We had difficulty finding the house.’
‘Did you have any trouble getting here?’

Kama kinachofuata ni nomino na si kitenzi, kiunganishe kwa ‘with’: ‘trouble with my knee’, ‘a problem with the engine’, ‘difficulty with fractions’.

Mtego upo katika msemo unaofanana na hayo lakini unataka ‘to’. ‘Take the trouble to do something’ ni kujipa kazi ya kufanya jambo ambalo ungeweza kuliacha: ‘He took the trouble to write to every guest.’ Na ‘go to the trouble of’ unarudi kwenye ‘-ing’: ‘She went to the trouble of writing to every guest.’ Hakuna mantiki ya kukuongoza hapa. Yakariri matatu kwa pamoja, kama wimbo: have trouble doing, take the trouble to do, go to the trouble of doing.

Ndani, nje, na kujitakia

Kwa kuwa ‘trouble’ ni maji, vihusishi vyake ni vya kuingia na kutoka. ‘In trouble’ ni kuwa matatani. ‘Get into trouble’ ni kuingia matatani, ‘get somebody into trouble’ ni kumponza mtu, ‘stay out of trouble’ ni kukaa mbali na balaa. Aliyekukasirikia hufuata baada ya ‘with’: ‘He's in trouble with the police.’ Mzazi anayemwambia mtoto ‘you're in big trouble’ anamwahidi adhabu, hamwonei huruma.

Hapa ‘problem’ halipiti. ‘I am in a problem’ ni sentensi inayosikika sana kwa wanaofikiri kwa Kiswahili, na kila atakayeisikia ataielewa, lakini atajua papo hapo kwamba imetafsiriwa.

Tahadhari moja. Kwa Kiingereza cha zamani kidogo, ‘to get a girl into trouble’ ni kumpa msichana mimba nje ya ndoa. Msemo umepungua nguvu, lakini wazee wanaujua. Ukitaka kusema umemponza dada fulani kazini, taja ni kwa nani: ‘I got her into trouble with the manager.’

‘Asking for trouble’ na ‘looking for trouble’ hutafsiriwa sawa katika kamusi nyingi ndogo, nayo hayako sawa. Anayeendesha gari lisilo na breki ‘is asking for trouble’: anajipalia makaa kwa uzembe, hata kama nia yake ni njema. Anayeingia mahali akimsukuma kila mtu bega ‘is looking for trouble’: ugomvi ndio alioufuata. ‘Make trouble’ na ‘cause trouble’ ni kuchochea vurugu, na mwenye tabia hiyo ni ‘troublemaker’.

Kusumbua: usikimbilie ‘disturb’

Kitenzi kusumbua kimetuletea makosa mengi kuliko shida yenyewe. Kwenye kichwa cha Mswahili kimefungwa na ‘disturb’, kumbe ‘disturb’ ni kukatiza: kuingia mtu akiwa amelala, anasoma au yuko mkutanoni. Mguu haukatizi kitu. ‘My leg is disturbing me’ iandike ‘my leg is bothering me’ au ‘my leg is giving me trouble’.

Kosa baya zaidi ni lile la kumwita mtoto msumbufu ‘disturbing’. Kivumishi hicho maana yake ni kitu kinachotia hofu au kufadhaisha, kama picha za maiti. Ukiandika ‘your child is disturbing’ katika taarifa ya shule, mzazi atadhani mwanawe ana dalili za kutisha. Sema ‘troublesome’, au kwa upole zaidi ‘a bit of a handful’.

Maneno matatu ya familia moja yatenganishe mapema. ‘Troublesome’ ni kitu au mtu anayesumbua: jino, mashine, jirani. ‘Troubling’ ni habari inayotia wasiwasi. ‘Troubled’ ni anayesumbuka: ‘a troubled young man’ ni kijana mwenye mambo mazito, wala si lazima awe msumbufu kwa mtu yeyote.

‘Trouble’ lenyewe ni kitenzi pia, na katika adabu lina kazi nzuri. Kabla ya kuomba msaada, ‘Sorry to trouble you’ ndiyo samahani kwa usumbufu. Baada ya kusaidiwa, ‘Thank you for your trouble.’ Anayekujibu atasema ‘It's no trouble at all’, na hapo anamaanisha hakuna usumbufu wowote. ‘Could I trouble you for the salt?’ ni sahihi lakini ni ya kiungwana mno. Mezani na rafiki zako itasikika kama mzaha. Katika mazungumzo ya kawaida ‘bother’ ndilo linalofanya kazi hiyo: ‘Don't bother’, usijisumbue. Angalia sauti tu, kwa sababu ‘don't bother’ likisemwa kwa ukavu ni kununa.

Swali linaloweza kuleta ugomvi

Una shida gani? Kwa Kiswahili, likitoka kwa mhudumu, swali hili ni la kawaida. Ukilihamisha neno kwa neno likawa ‘What's your problem?’, umemchokoza mtu. Kwa Kiingereza swali hilo ni la wagomvi: una nini wewe? Ubaya wake umo kwenye ‘your’, linalomfanya mtu mwenyewe kuwa ndiye tatizo. Mhudumu huuliza ‘How can I help you?’ Daktari au fundi huuliza ‘What seems to be the trouble?’ au ‘What seems to be the problem?’ Ukimwona mtu amejiinamia, ‘What's wrong?’ au ‘What's the matter?’ yanatosha. Kwa jambo la moyoni, ‘What's troubling you?’

Kila tatizo na kitenzi chake

Visawe hujulikana kwa marafiki zake. ‘Problem’ unali-‘solve’ au unali-‘fix’. ‘Trouble’ huwezi kuli-‘solve’. Unatoka ndani yake, ‘get out of trouble’, au unaliepuka. ‘Difficulties’ unazi-‘overcome’, kuzishinda, na kabla ya hapo unazi-‘face’ au unazi-‘run into’. ‘Hardship’ unali-‘endure’, kulivumilia, maana ni dhiki ya muda mrefu: njaa, umaskini, vita. Kukosa basi la asubuhi si ‘hardship’ ng'o. ‘Challenge’ unali-‘meet’ au unali-‘rise to’, na kwa asili lina ladha ya kumpima mtu nguvu. Siku hizi ofisini kila kitu ni ‘challenge’, kama vile kwa Kiswahili kila kitu kilivyogeuka changamoto, hata bomba lililopasuka. Bomba lililopasuka ni ‘problem’. Liite hivyo, fundi atakuja haraka zaidi.

‘Issue’ ni ‘problem’ lililovishwa shati la kazi. Linafaa pale usipotaka kumlaumu mtu: ‘There's an issue with the invoice.’

Kwa vikwazo vidogo, chukua ‘hitch’ au ‘snag’: ‘It went off without a hitch’, mambo yalikwenda bila kukwama. ‘Glitch’ ni la mitambo na programu, hitilafu ya kupita. ‘Setback’ ni kurudishwa nyuma baada ya kuwa umeshapiga hatua. ‘Hassle’ ni kero ya kuzungushwa, fomu juu ya fomu. ‘Nuisance’ huweza kuwa mtu, mbu au kelele, na linahesabika: ‘what a nuisance!’ ‘Mess’ ni sokomoko, hasa lile ulilolitengeneza mwenyewe.

Ukibanwa pasipo na pa kutokea, Kiingereza cha mitaani kina ‘in a fix’, ‘in a jam’, ‘in a tight spot’; cha vitabuni kina ‘predicament’. ‘In hot water’ ni kuwa matatani na mkubwa fulani kwa kosa ulilofanya. ‘In deep water’ inakaribia sana maji ya shingo: jambo limekuzidi kimo. Usiyabadilishe hayo mawili. ‘Ordeal’ ni masaibu makali yenye mwanzo na mwisho, kama kutekwa nyara. ‘Plight’ ni hali mbaya ya watu wengine, neno la magazeti. Mtu hasemi ‘my plight’ anapopiga simu nyumbani.

‘Dilemma’ si shida kubwa. Ni njia mbili, zote hazipendezi, na lazima uchague moja. Kama hakuna cha kuchagua, hakuna ‘dilemma’.

‘Difficult’, ‘hard’ na ‘hardly’

Mimi ni vigumu kuelewa Kiingereza. Hivyo husema mtu kwa Kiswahili cha haraka, kisha huandika ‘I am difficult to understand English’. Msomaji anaisoma hivi: mimi ndiye ninayeeleweka kwa shida. Anza na ‘it’: ‘It is difficult for me to understand English.’ Au tumia ‘find’: ‘I find English difficult.’

Mtu akiitwa ‘difficult’, ni mgumu kuafikiana naye. Akiitwa ‘hard’, ana moyo mkavu. Kwa mtihani au swali, maneno haya mawili yanabadilishana bila tatizo, ‘hard’ likiwa la kusemwa zaidi na ‘difficult’ la kuandikwa zaidi.

‘Hardly’ si ‘hard’ iliyoongezwa mkia. ‘I work hard’ ni kufanya kazi kwa bidii. ‘I hardly work’ ni kukiri kwamba kazi huigusi. Katika barua ya kuomba ajira, kosa hilo pekee linatosha kukufungia mlango.

Ulimi na mdomo

‘Trouble’ lina silabi mbili, mkazo kwenye ya kwanza, na ile ‘ou’ hutamkwa kama a fupi, sawa na katika ‘double’, ‘couple’ na ‘young’. Tatizo liko mwishoni. Tumezoea kila silabi iishe kwa vokali, hivyo linatoka ‘trabo’ au ‘trabolu’. Midomo ikishaachana baada ya b, ncha ya ulimi ipande palepale nyuma ya meno ya juu, ibaki hapo. B nayo ifunge midomo kabisa; ukiilegeza meno yakagusa mdomo wa chini, umeshasema kitu kinachokaribia ‘travel’, na msikilizaji ataanza kukuuliza unakwenda wapi.

‘Difficulty’ lina silabi nne na mkazo uko kwenye ya kwanza kabisa: DI-fi-kal-ti. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi utataka kusema difiKALti. Uzuie.

Ujumbe mmoja, makosa mengi

Chukua ujumbe huu kwa huduma kwa wateja:

‘Hello. I have a trouble with my account. I have difficulties to open it since yesterday. I tried hardly to solve this trouble but I am difficult to follow the instructions. Sorry for the disturbance. Tell me if it is problem of your side.’

Ukinyooshwa unakuwa hivi:

‘Hello. I'm having a problem with my account. I've had trouble opening it since yesterday. I've tried hard to solve the problem, but I find the instructions difficult to follow. I'm sorry to trouble you. Please let me know if the problem is on your side.’

‘A trouble’ limekwenda kwa sababu ya ile ‘a’. ‘To open’ limekuwa ‘opening’, na kwa vile hali ilianza jana na bado inaendelea, ‘have’ limekuwa ‘have had’. ‘Hardly’ limerudishwa kuwa ‘hard’. ‘Solve’ limepewa rafiki yake ‘problem’. ‘I am difficult’ limegeuka ‘I find’. ‘Disturbance’, ambalo polisi hulitumia kwa fujo za barabarani, limepisha ‘sorry to trouble you’. Mwishoni ‘problem’ limevaa ‘the’, na ‘of your side’ imekuwa ‘on your side’.

Huenda ukashawishika kufunga kwa ‘sorry for the inconvenience’, kwa kuwa umeiona mara nyingi kwenye matangazo. Iache. Hayo ni maneno ya kampuni kwa mteja aliyecheleweshewa huduma, na hapa mteja ni wewe, watakuandikia wao.